Nimepata Demio mtandaoni, na nina Vitz ya kuuza: nithibitishe nini kabla pesa hazijatoka?

mkazi_donholm

Habari zenu. Natafuta gari dogo la familia, bajeti yangu haizidi shilingi 1,150,000. Nimeona mtandaoni Mazda Demio ya 2015, namba inaanza na KDE, petroli, kilomita 62,000, bei 980,000. Demio nyingine za mwaka huo nilizolinganisha kwenye tovuti za Jiji na PigiaMe na makundi ya Facebook zinaitishwa zaidi ya hapo, ndiyo maana hii imenivutia na kunitia shaka kwa pamoja. Anayeuza ni broka. Anasema gari liko Ruaka na mwenyewe yuko Eldoret. Amenitumia kwa WhatsApp picha ya logibuku (hati ya umiliki wa gari) na PDF ya rekodi za NTSA, mamlaka inayosajili magari Kenya, na anataka arbuni ya 20,000 kwa M-Pesa ili anishikie hadi Jumamosi.

Naomba kujua: hiyo PDF inatosha? Kilomita nitajuaje kama ni za kweli? Au ni afadhali niagize mwenyewe kutoka Japani? Pia nina Vitz ya 2008 ninayotaka kuiuza mtandaoni bila broka, na sijui njia salama ya kupokea pesa.

karatasi_kwanza

Haitoshi, na arbuni usitume. Arbuni ina mahali pake: ukishaliona gari, ukasoma namba ya chasisi kwa macho yako, na mwenye gari akasaini karatasi inayotaja kiasi ulichotoa na lini kitarudishwa mambo yakikwama. Anayeitaka kabla ya hapo anauza haraka yako.

PDF ya NTSA inasema hali ya siku ilipotolewa, basi. Na PDF ni faili, mtu anaweza kuihariri. Toa ya kwako: ingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yako, nenda kwenye huduma za NTSA, chagua utafutaji wa rekodi za gari, andika namba ya usajili, lipa shilingi 550. Kwa gari la karibu milioni hiyo si gharama. Fanya hivyo mara mbili, leo na tena asubuhi ya siku ya malipo, kwa sababu kati ya siku hizo mbili gari linaweza kuwekwa dhamana.

Ukiifungua, usikimbilie jina. Anza na namba ya chasisi, namba ya injini, aina ya mafuta na cc. Hizo ndizo zinazofunga karatasi na chuma. Namba ya usajili ni bamba lililoshikwa na skrubu mbili, na KDE yenyewe inakuambia gari lilisajiliwa lini Kenya, haikuambii liliundwa lini.

Halafu jina. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki kinamchukulia aliyeandikishwa kuwa ndiye mwenye gari mpaka ithibitishwe vinginevyo. Broka anaweza kukuonyesha gari, lakini hana cha kukuuzia. Mwombe akuunganishe na mwenyewe kwa simu ya video, akiwa ameshika kitambulisho, na jina lilingane na rekodi herufi kwa herufi. Rekodi ikitaja kampuni, omba CR12, hati ya msajili wa kampuni inayoonyesha wakurugenzi ni nani, pamoja na azimio la kuliuza. Ikiwa mwenyewe amefariki, anayeweza kuuza ni msimamizi wa mirathi mwenye hati iliyothibitishwa na mahakama. Mjane au mtoto mwenye logibuku mkononi peke yake hawezi, hata awe mkweli namna gani.

Jina la benki likikaa pamoja na la mtu, kuna mkopo ambao haujafungwa. Mikopo mingine haionekani hapo, kwa hiyo tafuta pia kwenye sajili ya dhamana za mali zinazohamishika iliyoanzishwa na sheria ya 2017. Iko eCitizen chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Watu wengi huiruka hatua hiyo, halafu gari linafuatwa nyumbani na mkopeshaji.

fundi_wa_boneti

Amesema vizuri kuhusu karatasi. Mimi niongeze ya chuma.

Mwambie broka akupigie picha bamba la chasisi leo, simu ikiwa karibu, pamoja na karatasi yenye tarehe ya leo iliyoandikwa kwa mkono ndani ya picha hiyo hiyo. Akikataa umejua. Picha za tangazo zipitishe Google Lens. Gari moja likitokea Mombasa na Kampala kwa bei tatu, achana nalo.

Magari ya soko la Japani hayana VIN (namba ya utambulisho wa gari) ya herufi na tarakimu 17. Yana msimbo wa modeli, kistari, kisha tarakimu. Ndiyo maana tovuti za kukagua historia zilizotengenezewa magari ya Marekani haziyatambui, na anayekuuzia "ripoti ya VIN" ya Demio ya Japani anakuuzia hewa. Lakini ule msimbo ni hazina. DJ3FS ni petroli ya 1.3. DJ5FS ni dizeli ya 1.5. Kwa Toyota vivyo hivyo: NZE161 ni Fielder au Axio ya petroli ya 1.5, NKE165 ni haibridi. Tangazo linaweza kusema chochote, chasisi haibadilishi kauli.

Siku ya kuliona, fika kabla injini haijawashwa na uguse boneti. Ikiwa ya moto, mtu ameshaipasha ili kelele za asubuhi zisisikike. Subiri ipoe au urudi kesho. Nunua au azima kifaa cha OBD2 cha Bluetooth, kinachosoma kompyuta ya gari, na programu ya simu. Usiishie kuangalia kama kuna hitilafu. Angalia umbali uliosafiriwa tangu hitilafu zifutwe. Ukikuta kilomita 9, mtu amezifuta asubuhi hiyo, na taa itarudi wiki ijayo ukiwa wewe ndiye mwenye gari.

Bodi: kipimo cha unene wa rangi hukodishwa, na mafundi wengi wa ukaguzi wanacho. Rangi ya kiwandani huwa kati ya mikroni 80 na 180 hivi. Ikipita 300, paneli imepakwa tena. Ikipita 1,000, chini yake kuna puti. Paneli moja iliyopakwa si kosa, Nairobi hakuna bampa isiyoguswa. Nguzo za milango na mihimili ya mbele ndiyo ya kuogopa, maana hapo gari limegongwa hadi kwenye mifupa. Tazama bolti za boneti na mabawa kama rangi imechubuka kwenye kona za spana. Vioo vyote viwe vya chapa moja. Kimoja kikiwa tofauti, uliza kilivunjwaje.

Matairi yana tarakimu nne ndani ya duara la yai: 3219 ni wiki ya 32 ya 2019. Matairi ya mwaka 2015 bado yako kwenye gari la "kilomita 62,000"? Inawezekana. Lakini usukani uliong'aa, kanyagio la breki lililolika hadi chuma na kiti cha dereva kilicholegea upande wa mlango havilingani na kilomita hizo. Chungulia kwenye nguzo ya mlango wa dereva na chini ya boneti, kuna stika ndogo za Kijapani za kubadilisha oili zenye tarehe na kilomita. Wanaorudisha nyuma kilomita huzisahau mara nyingi.

mkazi_donholm

Asanteni sana. Nimefanya mlivyosema. Picha ya chasisi imekuja na inaanza na DJ5FS. Rekodi niliyoitoa mwenyewe inasema dizeli, 1498cc. Pia PDF ya broka ni ya Machi na ina jina moja. Ya kwangu ya leo ina jina hilo hilo pamoja na benki. Nimemuuliza, anasema mkopo ni mdogo na mwenyewe ataulipa akishapata pesa yangu. Gari lenyewe linapendeza. Kuna njia ya kulinunua hivyo?

fundi_wa_boneti

Kaka, tuanze na injini. Hiyo dizeli ni nzuri kwa anayesafiri, lakini kwa safari za Donholm hadi mjini na kurudi ni mzigo. Ina kichujio cha masizi kwenye ekzosti ambacho hujisafisha kwa kuchoma masizi injini ikiwa na joto la kutosha na mwendo usiokatika. Ukiwa kwenye foleni ya Jogoo Road dakika 50, kila mara usafishaji unaanza unakatizwa. Dizeli inayosukumwa ndani kwa kazi hiyo huishia kwenye oili. Kwa hiyo vuta kijiti cha oili: kina alama ya X juu ya alama ya kujaa. Oili ikikaribia hiyo X, imechanganyika na dizeli, na beringi za injini zinalainishwa na kitu chepesi mno.

La pili ni masizi kwenye mifereji ya hewa na vali ya EGR, ile inayorudisha sehemu ya moshi kwenye injini. Dalili zake ni kuvuta kizito, injini kutetemeka ikiwa imesimama, na taa ya injini inayokuja na kuondoka. Kusafisha ni kufungua manifoldi, kazi ya siku nzima kwa fundi anayeijua. Mwombe mwenye gari risiti ya kazi hiyo. Kama hana, iweke kwenye bei.

Petroli, yaani DJ3FS, haina mzigo huo. Kumbuka tu kwamba gia yake ni otomatiki ya hatua 6, si CVT, ile otomatiki isiyo na hatua. Yapo magereji yanayoijaza oili ya CVT kwa sababu "magari madogo ya Japani yote ni CVT". Oili yake ni ATF FZ.

karatasi_kwanza

Kuhusu benki: njia ipo, lakini si ile ya broka. Pesa yako isipitie mkononi mwa mwenye gari kwanza. Aombe benki yake barua yenye salio la kufunga mkopo na namba ya akaunti ya mkopo. Unaithibitisha barua hiyo kwa kwenda tawini, usipige namba iliyoandikwa kwenye barua. Siku ya malipo unalipa salio moja kwa moja kwenye akaunti ya mkopo, na kilichobaki unashikilia mpaka benki iondoe jina lake kwenye mfumo wa NTSA na mwenyewe aanzishe uhamisho kwako. Haya yote yaandikwe kwenye mkataba mbele ya wakili. Ikichukua wiki tatu, zichukue.

Ila mimi kwa dizeli isiyo na risiti na tangazo lililosema petroli, ningetafuta gari jingine. Aliyekosea aina ya mafuta kwenye tangazo, kwa kutojua au kwa makusudi, hawezi kuaminika kwenye kilomita.

meli_na_forodha

Swali la kuagiza halijajibiwa. Demio ya 2015 huwezi kuiagiza tena. Kiwango cha KS 1515 cha KEBS, shirika la viwango la Kenya, kinaweka kikomo cha miaka 8 na usukani uwe upande wa kulia. Kuanzia Januari 2026 linaloingia ni lile lililosajiliwa mara ya kwanza 2019 au baadaye. Kinachoangaliwa ni gari kufika bandarini, si siku uliyolipa. Ndiyo maana magari ya mwaka wa mwisho huuzwa rahisi Japani kuanzia Oktoba: likichelewa na meli, halipokelewi Mombasa, na hasara ni yako.

Bei ya jumla inayoandikwa kwenye tovuti za kuuza magari ya Japani kama BE FORWARD au SBT ni ya gari na usafiri hadi Mombasa. Ushuru haumo, wala haukokotolewi kwa bei uliyolipa. KRA, mamlaka ya mapato, wana orodha yao ya bei za magari yakiwa mapya, wanapunguza uchakavu kulingana na umri, na hapo wanapata thamani ya forodha. Tuseme thamani hiyo ni 500,000 kwa gari lisilozidi 1500cc, kwa viwango vya 2025. Ushuru wa forodha 35% ni 175,000. Ushuru wa bidhaa 20% unatozwa juu ya 675,000, yaani 135,000. VAT 16% juu ya 810,000 ni 129,600. Ada ya tamko la uingizaji 2.5% ni 12,500 na tozo ya reli 2% ni 10,000. Jumla 462,100, kabla ya gharama za bandari, wakala na usajili. Gari likizidi 1500cc ushuru wa bidhaa unapanda hadi 25%. Hesabu hii ifanye kabla ya kupenda picha, na uangalie upya viwango kila Julai Sheria ya Fedha inapobadilika.

Bajeti ya 1,150,000 kwa gari la 2019 ni ya kubana. Ukiamua kuagiza hata hivyo, omba karatasi ya mnada. Daraja la 4 au 4.5 ni zuri, 3.5 lina mikwaruzo mingi, R au RA limewahi kurekebishwa baada ya ajali. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, W ni alama ya ukarabati wa bodi, S ni kutu, XX ni paneli iliyobadilishwa. Namba inayofuata ni ukubwa, 1 ikiwa ndogo. Karatasi hiyo nayo hughushiwa, kwa hiyo linganisha kilomita zake na cheti cha kuuza nje cha Japani, kinachobeba kilomita za ukaguzi wa serikali. Ukaguzi wa kabla ya kusafirishwa nao ni lazima, na cheti chake huandikwa kwa namba ya chasisi ile ile.

Kwa wanaotafuta gari lililotoka Uingereza: historia ya MOT, ukaguzi wao wa magari wa kila mwaka, iko bure kwenye tovuti ya serikali yao. Unahitaji namba ya usajili ya kule, inakuonyesha kilomita au maili za kila ukaguzi mwaka kwa mwaka. Hakuna chombo bora cha kukamata kilomita zilizorudishwa.

Malipo kwa benki yaende kwenye akaunti yenye jina la kampuni iliyo kwenye ankara. Barua pepe ikija ghafla kusema akaunti imebadilika, simamisha kila kitu na upige namba iliyo kwenye tovuti yao.

dada_wa_ngong_road

Nami nijibu la Vitz, maana kuuza kuna hatari zake.

Bei kwanza. Kusanya matangazo 12 hadi 15 ya Vitz ya 2008 yenye injini kama yako. Andika "KSP90, 996cc" kama ndiyo, kwa sababu ya 1.0 na ya 1.3 zina wanunuzi tofauti. Toa yale ya chini kabisa, mengi ni chambo, na ya juu kabisa yaliyokaa miezi. Kumbuka hizo ni bei za kuitisha. Acha nafasi ya kupunguziwa kidogo.

Picha piga saa mbili asubuhi au saa kumi na moja jioni, jua likiwa upande mmoja: pembe nne, ndani, buti, injini, dashibodi ikiwa imewashwa kuonyesha kilomita na kwamba hakuna taa, na kila kasoro kwa karibu. Kasoro iliyopigwa picha haipunguziwi bei mara mbili. Funika namba ya gari. Picha ya logibuku au kitambulisho chako usiiweke kamwe, wala usimtumie mtu kwa WhatsApp. Ndizo zinazotumika kutengeneza tangazo jingine la gari lako kwa bei ya chini, kama hilo la Demio linavyoweza kuwa.

Wanunuzi waone gari mahali penye watu na kamera: maegesho ya maduka makubwa au kituo cha mafuta. Anayetaka kulijaribu barabarani akuonyeshe leseni, upige picha, ukae naye ndani. Funguo za pili zibaki nyumbani.

Pesa. M-Pesa ina kikomo cha 250,000 kwa muamala na 500,000 kwa siku, kwa hiyo haikufai kwa bei nzima. PesaLink, uhamisho wa papo hapo kati ya benki, hufika 999,999. Kuanzia milioni moja ni RTGS, uhamisho wa benki wa kiasi kikubwa, panga siku ya kazi asubuhi. Usiamini ujumbe mfupi wa "umepokea", hutengenezwa. Fungua programu ya benki yako au *334# uone salio. Hundi ya benki ikiletwa, nendeni wote tawini ilikotolewa, na gari lisiondoke kabla pesa haijakaa.

Mkataba uandike chasisi, injini, kilomita, majina, vitambulisho, PIN za KRA, bei, njia ya malipo, na saa ya kukabidhi gari, si tarehe pekee. Gari likipata ajali au kutumika kwa uhalifu saa tisa mchana nawe ulilitoa saa sita, hiyo saa ndiyo itakayokutetea.

Kisha uhamisho. Anayeuanzisha ni wewe muuzaji, kwenye akaunti yako ya eCitizen, kwa kuingiza taarifa za mnunuzi. Yeye hukubali kwenye akaunti yake. Ada hufuata cc, kubalianeni mapema nani analipa. Sheria inataka mwenye mpya asajiliwe ndani ya siku 14. Ufanyeni pale pale mkiwa mmeketi pamoja, kila mtu na simu yake, pesa ikiwa imeonekana. Asiwepo wa kusema "nitakubali nikifika nyumbani".

Bima yako haiendi na gari. Ijulishe kampuni siku hiyo, uombe kurudishiwa ada ya muda uliobaki, naye mnunuzi awe na cheti chake kabla hajaingia barabarani. Futa pia majina ya simu kwenye redio.

mkazi_donholm

Demio nimeiacha. Nimepata DJ3FS huko Kiambu Road, rekodi ni safi, jina moja, nami nimepanga ukaguzi Jumanne. Kuhusu Vitz, nitajuaje kwamba uhamisho umekamilika kweli?

karatasi_kwanza

Ingia tena kwenye akaunti yako ya NTSA baada ya mnunuzi kukubali, uangalie orodha ya magari yako. Vitz ikiwa bado ipo, mpigie siku hiyo hiyo. Ikishatoka, lipa 550 utoe rekodi yake mara ya mwisho, uhifadhi PDF pamoja na mkataba.

Na huyo wa Kiambu Road, chasisi isome mwenyewe kwenye chuma kabla fundi hajaanza kazi, uilinganishe na rekodi. Isipolingana, huna haja ya kulipia ukaguzi.